Mchoraji wa Nairn na Sura za Watu wa Bara, 1860–1863

Mto Kilombero, ambao katika vitabu vya zamani huitwa pia Ulanga, hushuka kati ya kuta mbili za milima: upande mmoja Udzungwa, upande wa pili milima ya Mahenge. Masika yakishika, bonde lote hugeuka maji na matete, na mpunga wa Ifakara husimama ndani ya maji hayo kama ulivyosimama tangu zamani. Chini zaidi mto huo hukutana na Luwegu, na kutoka makutano hayo jina hubadilika, mto ukawa Rufiji.

Njia kuu ya misafara ya karne ya kumi na tisa haikupita bondeni humo. Ilitoka Bagamoyo, ikakata Uzaramo na Ukutu, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo kavu hata Unyanyembe, ilipo Tabora leo. Mtu asafiriye kwa reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hukipita kituo cha Kisaki kabla hajafika Mang'ula na Ifakara. Karibu na Kisaki hiyo ndipo palipokuwa Zungomero, kituo mashuhuri cha wapagazi na wafanya biashara ya pembe. Hapo misafara iligeuza uso kuelekea magharibi, na bonde la Kilombero likabaki mkono wa kushoto, nyuma ya milima. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1860 ulipita hapo msafara mmoja uliokuwa na Mskoti mwenye penseli, brashi na sanduku la rangi za maji. Naye pia hakugeuka kushoto. Kwa hiyo watu wa Ukutu, Ukuni, Karagwe na Buganda walichorwa na mkono wake, na watu wa Kilombero hawakuchorwa. Mskoti huyo ni James Augustus Grant.

Hakuwa mchoraji kwa kazi. Alikuwa askari, na vitabu vya historia humtaja kwa ufupi kama mwenzake John Hanning Speke, yule aliyeziona mbubujiko za Nile katika Ziwa Viktoria. Yafaa lakini kumtazama kwa upande ambao vitabu hivyo huupita upesi. Yeye ni katika watu wa kwanza kabisa waliokaa mbele ya watu wa bara ya Tanganyika na Uganda, wakawatazama nyuso zao kwa saa nyingi, na kuzitia katika karatasi kwa rangi. Kabla yake, mtu wa Ulaya aliyetaka kujua sura ya mtu wa Karagwe hakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Sanaa ya kuchora sura za watu ilikuwa na heshima kubwa Uskoti kabla Grant hajazaliwa. Allan Ramsay wa Edinburgh, aliyefariki mwaka 1784, alikuwa mchoraji wa Mfalme George wa Tatu. Baada yake alikuja Henry Raeburn, aliyeanza maisha kama mwanafunzi wa sonara, akaishia kupewa cheo cha Sir mwaka 1822, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Raeburn alikuwa na desturi ya kuanza na brashi moja kwa moja juu ya turubai, bila kupiga mistari kwanza. Mawakili, makasisi, maprofesa na wakuu wa koo za milimani walikwenda nyumbani kwake Edinburgh, wakakaa kitini, wakalipa, wakachukua picha. Hiyo ndiyo maana ya picha ya sura katika nchi ile: mwenye sura huitaka mwenyewe, hulipa fedha, huvaa nguo aipendayo, na jina lake huandikwa ili wajukuu walijue. Picha hutundikwa kwake, wala haitundikwi kwa mchoraji. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tofauti yake na kazi ya Grant ndiyo kiini cha habari hii.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Uskoti, ambako baba yake alikuwa kasisi wa parokia. Alisoma Aberdeen, katika Chuo cha Marischal, na miongoni mwa masomo yake ilikuwamo elimu ya mimea. Mwaka 1846 aliingia katika jeshi la Kiingereza la Bara Hindi. Aliona vita vya Multan na Gujarat katika Punjab, na katika maasi makubwa ya 1857 alijeruhiwa katika mapigano ya kuukomboa mji wa Lucknow. Huko Hindi ndiko alikojuana na Speke, nao walizoeana kwa uwindaji. Speke, aliyekwisha kufika Unyanyembe na kuliona Ziwa Viktoria mwaka 1858, alipotaka mwenzi wa safari ya pili, Grant aliomba kwenda, akakubaliwa.

Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1860, wakapitia Brazili na Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Unguja tarehe 17 Agosti, katika enzi ya Sultani Majid bin Said. Walikaa hapo majuma matano na zaidi. Grant alikuwa amechukua kamera, na picha alizozipiga Unguja ni katika picha za kwanza za kamera zilizosalia za mji huo. Nia ilikuwa kwamba bara nzima ipigwe picha kwa njia hiyo hiyo.

Nia haikutimia. Katika siku zile mpiga picha alipaswa kutengeneza kioo chake mwenyewe kwa dawa, kukitia ndani ya kamera, kisha kukisafisha na kukikausha gizani. Giza la safarini lilikuwa hema dogo lililofungwa kila upande, juani, katika nchi ya joto. Speke aliona kwamba kazi hiyo ingemwua mwenzake kwa muda mfupi, akamkataza. Badala ya kamera Grant akashika penseli na rangi za maji. Pana sababu ya kushukuru kwa katazo hilo. Kamera ya mwaka 1860 ilimtaka mtu akae kimya kama jiwe, tena haikuweza kuonyesha rangi hata moja. Penseli ilimruhusu mtu azungumze, acheke, ainuke akanywe maji na kurudi. Na rangi za maji zilihifadhi wekundu wa udongo mwilini, buluu ya ushanga, na hudhurungi ya nguo za magome ya miti. Haya yote kioo cha kamera kingeyafanya kijivu.

Kiswahili cha zamani, yafaa kutajwa hapa, kilitumia neno moja, sanamu, kwa kitu kilichochongwa na kwa kitu kilichochorwa. Na hata leo husema kupiga picha, kana kwamba mwenye sura amepigwa. Grant hakupiga. Alikaa. Na sababu kubwa ya kukaa kwake ilikuwa maradhi.

Msafara ulifika Kaze, karibu na Tabora, mwezi wa Januari 1861, ukafikia kwa Musa Mzuri, mfanya biashara wa Kihindi. Hapo mambo yalikwama. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wakipigana na mtemi Mnywa Sere, aliyeondolewa katika kiti chake. Wapagazi hawakupatikana, na chakula kilikuwa haba. Speke alihangaika mbele na nyuma kutafuta watu, na Grant aliachwa miezi kadhaa Ukuni, katika Unyamwezi, pamoja na mizigo na homa zake. Mtemi wa huko, mzee aitwaye Ukulima, alimkaribisha. Katika kitabu cha Speke imo picha ya Grant akicheza ngoma na mzee huyo. Mchoraji amejitia mwenyewe katika picha, ndevu na yote, akirusha miguu. Ni vigumu kumfikiri Burton, mwenzi wa Speke katika safari ya kwanza, akijichora namna hiyo.

Mwezi wa Septemba mwaka huo, Grant alipokuwa akijaribu kumfuata mwenzake, watu wa mtemi Myonga waliuvamia msafara wake njiani, wapagazi wakatupa mizigo na kukimbia. Baadhi ya mali ilirudishwa baada ya mazungumzo, na hongo ikatolewa juu yake. Msafara wa vitambaa na ushanga ulipoporwa, hasara iliweza kuhesabiwa kwa pima na frasila. Karatasi zenye sura za watu hazikuwa na bei sokoni, na yamkini ndiyo salama yao.

Mwishoni mwa Novemba 1861 walifika Karagwe, kwa Mukama Rumanika, katika makao yake ya Bweranyange yaliyotazama ziwa. Hapa ndipo habari ya Grant kama mchoraji inapopata uzito. Mguu wake ulipata kidonda kibaya, hata hakuweza kusimama. Speke, aliyekuwa na haraka ya Nile, aliondoka mwezi wa Januari 1862 kwenda Buganda, akamwacha mgonjwa. Grant alibaki mpaka Aprili. Miezi mitatu mtu huyu alilala au kuketi mbele ya kibanda chake, hana la kufanya isipokuwa kuandika, kukusanya mimea aliyoletewa, na kuchora. Wageni walikuja kila siku kumtazama. Yeye naye aliwatazama.

Rumanika alikuwa mtawala mpole wa maneno, mwenye kuuliza maswali juu ya kila kitu, na mwenye kupenda vitabu vya picha za ndege na wanyama alivyoonyeshwa na wageni wake. Alijua maana ya picha. Hilo ni jambo la kuangaliwa, kwani katika vitabu vingi vya wasafiri hudaiwa kwamba mtu wa bara aliiogopa sura yake ikitiwa katika karatasi. Katika ikulu ya Karagwe palikuwa na vitu vya sanaa ya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, ng'ombe wa chuma miongoni mwavyo, ambavyo wenyeji walivihesabu kuwa mali ya ufalme. Watu waliozoea kumtazama ng'ombe wa chuma na kutambua ndani yake enzi ya mfalme hawakuhitaji kufundishwa na mtu wa Nairn ya kuwa mfano wa kitu una nguvu. Grant alichora nyumba ya mfalme, wapigaji muziki wake, mavazi, vyombo, vichwa vya watu.

Pana tofauti kati ya sura alizozichora akipita na zile alizozichora akikaa. Msafiri anayepita huona mavazi: hapa shanga, hapa ngozi, hapa nywele zimesukwa hivi. Anayekaa miezi mitatu huanza kuona mtu. Asubuhi amemwona akija na maziwa, jioni akigombana na ndugu yake, kesho akiumwa na jino. Si kila karatasi ya Grant imefika daraja hilo, na zipo zilizobaki orodha ya mavazi tu. Lakini aliandika jina pale alipolijua.

Sura hizo hizo za Karagwe zilitumiwa kwa jambo jingine, nalo lilikuwa na madhara. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke alitoa nadharia ya kuwa watawala wa Karagwe, Bunyoro na Buganda, na Wahima na Watutsi pamoja nao, ni wageni waliotoka Ethiopia, kabila iliyo bora kwa damu kuliko wakulima waliotawaliwa. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa umbo la uso: pua, macho, urefu wa kichwa. Hakuwa na maandiko yoyote mkononi, wala hakujua lugha ya nchi. Alikuwa na nyuso. Nadharia hiyo ilichukuliwa na wamisionari na maofisa wa serikali za kikoloni, ikafundishwa shuleni Rwanda na Burundi kana kwamba ni historia, ikaandikwa katika vitambulisho vya watu, na ilikuwa miongoni mwa silaha za maneno katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Wanahistoria wamekwisha kuikataa. Haifai kumtwika Grant mzigo wa yote hayo. Yeye alichora alichokiona, na mimea yake ilimshughulisha kuliko nadharia za damu. Walakini picha ya sura haibaki mikononi mwa aliyeichora. Uso wa kijana wa Karagwe, aliyeketi kwa hisani mbele ya mgonjwa ili kumpunguzia uchovu wa mchana, uliingia katika mabishano ambayo kijana huyo hakuulizwa, na ambayo asingeweza kuyasoma.

Aprili 1862 Grant aliondoka Karagwe amebebwa, na safari hiyo ya kubebwa imechorwa pia. Alifika Buganda mwishoni mwa Mei, Speke akiwa amekaa kwa Kabaka Mutesa tangu Februari. Tarehe ya Mei yafaa ikumbukwe, maana inasaidia kupima picha. Kitabu cha Speke kinasimulia mambo ya kutisha ya ikulu ya Mutesa, wanawake wa nyumba ya mfalme wakiburutwa kwenda kuuawa, naye anayataja tangu mwezi wa Machi. Picha ya jambo la namna hiyo imo kitabuni. Machi hiyo Grant alikuwa bado Karagwe, mguu juu ya kigoda. Msomaji aonaye kwenye jalada la ndani kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant asidhani basi kila moja ni shahada ya macho yake.

Julai wakaondoka wote kuelekea kaskazini. Speke alikata njia ya upande wa mashariki, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama mahali Nile itokapo ziwani. Grant hakuwapo. Mguu haukuruhusu mwendo wa haraka, naye alitumwa na mizigo kwa njia ya moja kwa moja kwenda kwa Mukama Kamurasi wa Bunyoro. Amelaumiwa kwa unyonge, na wengine wamemlaumu Speke kwa choyo. Grant mwenyewe hakumlaumu mtu. Mtu aliyetembea miaka miwili kuitafuta Nile, kisha akakosa kuiona ikizaliwa kwa sababu ya kidonda, angekuwa na haki ya kusema neno moja kali. Februari 1863 walifika Gondokoro, na kutoka huko wakateremka mpaka Misri.

Cairo ndiko ilikopigwa picha nyingine, safari hii kwa kamera, nayo ndiyo picha iliyo karibu zaidi na desturi ya Raeburn. Waliobaki wa msafara, wale waungwana wa Unguja waliotoka Bagamoyo mwaka 1860 na kufika Misri, walipigwa picha pamoja, na majina yao yakachapishwa. Kiongozi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao wa asili. Alitekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akachukuliwa Bara Hindi, akapata uhuru bwana wake alipokufa, akarudi Unguja. Alimwongoza Burton na Speke mwaka 1857, na baadaye alisafiri na Stanley na Cameron, akafa mwaka 1885. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani, kwa kuwa Speke hakukimudu Kiswahili. Kila neno la Rumanika lililomo katika vitabu vya Kiingereza limepita kwanza katika kinywa cha Bombay au cha mwenzake. Ikiwa yupo mtu ambaye picha yake ilistahili turubai na fremu ya dhahabu Edinburgh, basi ni huyo. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa medali ya fedha.

Sasa yafuata yaliyoipata michoro ilipofika London. Kitabu cha Speke kilichapishwa mwaka huo huo wa 1863, upesi, maana watu walikuwa na njaa ya habari za Nile. Kwa ufundi wa wakati ule, mchoro wa rangi za maji haukuweza kuchapwa ulivyo katika kitabu cha bei ya kawaida. Ilikuwa lazima msanii wa mjini auchore upya, kisha fundi mchongaji auchonge katika bloku ya mbao, kisha bloku ipakwe wino mweusi. Kazi ya kuchora upya walipewa wasanii wenye jina, na mkubwa wao alikuwa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa akiishi London, hodari wa kuchora wanyama na mawindo. Zwecker hakupata kuiona Karagwe.

Matokeo yake ni rahisi kuyafahamu. Kwanza rangi zote zilikufa. Pili, mchoro wa Grant aghalabu ni mdogo na mtulivu, una mtu mmoja au wawili, maelezo ya rangi na vipimo yameandikwa pembeni kwa mkono. Bali soko la vitabu lilitaka tukio. Mikono ikainuliwa, watu wakaongezwa, miili ikapewa misuli ya sanamu za Kiyunani ambazo msanii wa Ulaya alifundishwa kuzichora tangu ujana. Tatu, majina. Sura iliyokuwa ya fulani katika karatasi ya Grant iliweza kuwa mfano wa kabila katika kitabu. Hapo ndipo hasara ilipo kubwa kuliko ile ya rangi. Vizazi vya wasomaji, wakiwamo watoto wa shule wa Afrika ya Mashariki wenyewe katika vitabu vya historia walivyopewa, wamezijua picha za Zwecker wakidhani wanawaona babu zao.

Grant alitoa kitabu chake mwenyewe mwishoni mwa mwaka 1864, baada ya Speke kufa kwa risasi ya bunduki yake mwezi wa Septemba. Jina lake, likitafsiriwa, ni matembezi ya kukata Afrika, na chanzo chake ni mzaha wa waziri mkuu Lord Palmerston, aliyemwambia Kapteni kwamba ametembea matembezi marefu. Jina la pili la kitabu laahidi mambo ya nyumbani, na ahadi hiyo imetimizwa: mna mapishi, malezi ya watoto, magomvi ya wapagazi, nyimbo za wanawake wakitwanga, namna ya kufuga ng'ombe. Kwa mwanafunzi wa historia ya jamii kitabu hicho kina faida kuliko cha Speke, ingawa si maarufu kama hicho. Lakini kilitoka bila picha zake. Michoro ilikuwa imekwisha kutolewa kwa kitabu cha rafiki yake, naye hakuidai. Kwa hiyo maneno ya mtazamaji yakaenda upande mmoja, na macho yake upande mwingine, na mpaka leo msomaji hulazimika kufungua vitabu viwili ili kumpata mtu mmoja.

Mimea ilipata bahati njema kuliko watu. Mkusanyo wa Grant ulipelekwa Kew, ukachunguzwa na Daniel Oliver na wenzake, na kati ya 1872 na 1875 Chama cha Linnaeus cha London kikauchapisha katika juzuu zima lenye picha, pamoja na maelezo ya Grant juu ya mahali kila mmea ulipookotwa na matumizi yake kwa wenyeji. Jani la Ukutu lilipewa jina, tarehe na mahali. Mtu aliyelichuma na kumletea mgonjwa mlangoni hakupewa.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya utulivu. Alitunukiwa medali ya dhahabu ya Chama cha Jiografia mwaka 1864, akaoa mwaka 1865, akafuatana na jeshi la Kiingereza katika vita vya Uhabeshi mwaka 1868, akastaafu akiwa luteni kanali. Alimtetea Speke kwa kila aliyemshambulia, miaka karibu thelathini. Alifariki Nairn tarehe 11 Februari 1892, mji ule ule aliozaliwa. Jina lake hutamkwa kila siku na waongozaji wa watalii Serengeti, kwa kuwa swala mmoja mwenye pembe ndefu huitwa swala granti, wala wengi hawajui kwamba Granti huyo alishika brashi. Swala mdogo wa jirani yake, swala tomi, ameitwa kwa jina la Mskoti mwingine, na huyu ndiye anayeirudisha habari hii bondeni.

Joseph Thomson alizaliwa Penpont, kusini mwa Uskoti, mwaka 1858, akasoma Edinburgh, akafuatana na Keith Johnston, mchora ramani wa Edinburgh, katika msafara uliotoka Dar es Salaam mwaka 1879 kuelekea Ziwa Nyasa. Johnston alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, karibu na Rufiji, mwezi wa Juni. Thomson, kijana wa miaka ishirini na moja, akashika uongozi, na kwa kweli uongozi ulikuwa wa James Chuma, yule aliyeubeba mwili wa Livingstone. Wakapita pande za Mahenge na Ulanga, wakapanda Uhehe. Bonde likaandikwa katika ramani. Thomson alikuwa mtu wa mawe na udongo. Jicho lake lilitazama miamba ya Udzungwa kuliko nyuso za waliomvusha maji kwa mitumbwi. Wabunga walikuwa wamekwisha kuingia nchi hiyo katika miaka ya misukosuko ya Wangoni, Wandamba walikuwa na mitumbwi yao na samaki, Wapogoro walikuwa milimani, Wabena mitoni. Hakuna hata mmoja wao aliyeketishwa mbele ya rangi za maji mwaka 1860, wala mwaka 1879.

Kwa hiyo sura ya kwanza ya bonde iliyoandaliwa kwa urefu ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1935 kilichapishwa London kitabu cha A. T. Culwick, ofisa wa serikali aliyefanya kazi bondeni, na mkewe G. M. Culwick, juu ya Wabena wa mitoni. Ni kitabu cha utawala wa kikoloni, na kina macho ya utawala huo. Lakini sura moja ya kitabu hicho haikuandikwa na Waingereza. Ni maneno ya Mtema Towegale Kiwanga juu ya watu wake, na jina lake limechapwa katika ukurasa wa kwanza, pamoja na cheo chake.

Karatasi za Grant, na michoro yake zaidi ya mia moja pamoja nazo, zimo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Rangi zake zimekaa kwenye karatasi zaidi ya miaka mia na sitini: wekundu wa udongo, buluu ya ushanga, hudhurungi ya magome. Pembeni, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyekuwa na nafasi ya kutosha na mguu usioweza kutembea, kuna maelezo ya alichokiona.